Saa ya Mwisho wa Mfereji

Shamba la baba yangu liko Baray, karibu na mwisho wa mfereji, na mtu wa mwisho wa mfereji halali kama watu wengine. Maji ya bonde letu la Eyasi yanatokea kwenye chemchemi zilizo chini ya miinuko ya Oldeani na Ngorongoro, halafu yanashuka kwa mifereji kuvifuata vitunguu. Mchana yanashikwa na wa juu. Usiku, wa juu wakishachoka, ndipo yanatufikia sisi, membamba, yamebeba majani ya migunga na chupa tupu za soda.

Zamu zinaandikwa kwenye daftari la mgawa maji. Kwa miaka mingi zamu ya baba ilikuwa saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa nusu saa, hakuna wa kukurudishia. Kitunguu nacho hakisamehi: kikikosa maji siku zake kinaanza kujifunga kabla ya wakati, na dalali akifika anakiita "gololi" mbele yako.

Desturi ni kwamba anayemaliza zamu ndiye anayekwenda kumwamsha anayefuata. Desturi nzuri kwa maneno. Jirani wa juu akimaliza saa nane kamili, kila dakika anayotumia kutafuta kandambili zake, kuwasha tochi na kutembea polepole kuja kwetu ni dakika ambayo maji bado yako kwake. Sijawahi kumwona akikimbia. Kwa hiyo baba hakutaka kuamshwa na mtu. Mama ndiye aliyekuwa saa yake, mpaka alipokwenda Mbulu kumlea dada yangu aliyejifungua pacha, akakaa huko zaidi ya mwaka.

Tatizo la pili ni masikio. Baba alifanya kazi miaka kumi na tatu kwenye mashine ya kusaga, na ile mashine ilimlipa mshahara kwa mkono mmoja na kuchukua usikivu wake kwa mwingine. Kengele ya simu haisikii. Kitochi chake kina mtetemo, lakini mzee analala kama mtu anayepalilia: anageuka huku, anageuka kule, asubuhi simu inaokotwa chini ya kitanda ikiwa imetetemeka peke yake usiku kucha.

Mimi nawaendesha watalii, makazi yangu Karatu mjini. Mwaka 2021 nilikuwa nimevaa saa janja kwa miaka miwili, na kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ile tabia yake ya kukutingisha kifundo cha mkono bila kelele. Wageni wamelala nyuma ya gari, wewe unapata ujumbe wa ofisi kimyakimya. Nikasema, dawa ya baba ndiyo hii. Nikamnunulia moja Arusha, ya bei ya chini kidogo kuliko yangu. Muuzaji aliniapia: "Hii inajitegemea, kaka." Sikumuuliza inajitegemea kwa lipi.

Tulikaa chini ya mgunga mbele ya nyumba, mimi na simu yangu, baba na mkono wake ameunyoosha kama anayepimwa presha. Simu ikaandika kwamba inatafuta kifaa cha kuoanishwa. Baba hasikii vizuri, lakini macho yake ni mazima, na neno lile alilisoma kwa sauti.

"Kuoanishwa. Yaani inaolewa?"

"Inaunganishwa na simu, baba. Ndiyo wanavyosema."

"Na simu ni yako."

"Kwa leo ni yangu."

"Basi umeniletea mke wa mtu."

Tukacheka. Nikaendelea kubonyeza. Saa ilipotoka kwenye boksi ilikuwa inaonyesha namba tupu, na baba hasomi saa kwa namba. Yeye, kama wazee wengi, anasoma kwa mishale: mshale mfupi ukielekea mbili anatazama upande wa pili wake, anasema saa nane. Miaka yote hiyo uso wa saa kwake ni kitu cha kusomwa kwa kinyume, na mkono umezoea. Ukimwandikia 02:00 ni lazima apige hesabu. Nikatafuta kwenye programu uso wenye mishale, nikauhamishia kwenye saa. Nikaweka kengele: saa nane kasorobo usiku, kila siku ya zamu. Usiku ule nililala palepale. Kasorobo ikafika, nikamsikia akikohoa, jembe likagonga mlango, akatoka. Jirani wa juu alipofika saa nane na dakika kumi na tano kumwamsha, alimkuta amekaa ukingoni mwa mfereji anamsubiri.

Nilikaa Baray karibu wiki mbili. Kila kitu kilikwenda sawa, na mimi nikarudi kazini nikijiona mwana mwema.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilikielewa kwa kuchelewa. Saa ya namna ile ina akili yake ndogo na ina akili ya kuazima. Akili yake ndogo ni kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kama kilivyo kwenye saa nyingi za betri duniani. Hicho kinahesabu wakati hata simu ikiwa mbali. Kengele uliyoiweka inabaki ndani. Hatua inazihesabu. Lakini kubadilisha kengele, kuongeza nyingine, kuchagua uso, kujua leo ni tarehe gani ikishasahau, hayo yote yako kwenye simu. Bluetooth ya vifaa hivi inafika mita kumi hivi, na ukuta wa tofali unapunguza. Mimi nilikuwa mwendo wa gari wa zaidi ya saa nzima, barabara ikiwa kavu.

Wiki ya nne kamati ya maji ikabadilisha zamu. Baba alikuwepo kwenye kikao, alinyoosha mkono kukubali. Zamu yake mpya ilikuwa saa nne usiku. Saa ya mkononi haikuhudhuria kikao. Saa nane kasorobo ikamtingisha kama kawaida, na mzee, usingizi umemjaa, akachukua jembe akaenda. Alimkuta kijana wa familia nyingine amesimama katikati ya majaruba yake, maji yanaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwenye zamu yangu."

"Zamu yako umeshamaliza tangu saa saba, mzee. Umekuja kutazama au kuchukua?"

Kwetu hilo si swali dogo. Mtu anayeonekana kwenye banio usiku usio wake, ana jembe mkononi, kesho yake anaitwa. Baba akamwambia ameamshwa na saa ya mwanawe. Kijana akauliza kwa adabu kama mwanawe naye ana zamu.

Asubuhi akanipigia. Nilikuwa Ndutu na wageni, mtandao unakuja na kuondoka. "Iambie hiyo saa yako zamu imebadilika." Nikamweleza kwamba siwezi kuiambia nikiwa huku. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kumbe nani anaweza?" Hakuna. Nikamshauri aivue usiku. "Saa ya kuvua usiku," akasema, "mchana naitumia kwa kazi gani? Mchana kuna jua."

Kilichonishangaza si kwamba saa ilikosea. Baba alijua zamu imebadilika, alikubali mwenyewe, na bado mkono ulipotingishwa alinyanyuka. Wiki tatu zilitosha kumfanya aamini kifundo cha mkono kuliko kikao alichokaa. Mimi ni yuleyule: nimewahi kuwaambia wageni hakuna mvua kwa sababu saa inaonyesha jua, huku matone yanapiga kioo.

Betri nayo ikaisha. Waya wa kuchajia, wenye sumaku mbili ndogo, ulibaki kwenye gari langu. Kwenye kibanda cha kuchajia simu pale senta, chenye paneli ya sola, kuna waya za kila aina zinaning'inia kama soseji, lakini huo hamna. Nikauweka kwenye bahasha, nikampa kondakta wa gari la abiria. Ulichukua siku tano. Saa ikachajiwa siku ya sita, saa kumi jioni, ikaamka haijui chochote. Uso wa mishale umetoweka, namba zimerudi: tarehe 1 Januari, sifuri sifuri. Kwa akili yake ilikuwa saa sita usiku wa mwaka mpya. Kengele, hata hivyo, haikusahau. Ilikuwa bado inasubiri ile kasorobo yake.

Kwa hiyo saa kumi na mbili kasorobo jioni, jua bado liko juu ya ukuta wa bonde, baba akiwa anabishana na dalali kando ya magunia, mkono ukatetemeka. Mabishano yalikuwa yale ya kila msimu: dalali anataka lumbesa, gunia lenye kichwa juu yake kama mtu aliyevaa kilemba, na anataka kulilipia kama gunia. Baba akautazama mkono, akakunja uso, akautazama tena. Dalali akadhani anapigiwa na mnunuzi mwingine. Akaongeza bei.

Mpaka leo nikiulizia ile zawadi, baba anasema ilifanya kazi siku moja, na siku yenyewe ilikuwa imepotea majira.

Nilianza kuichunguza habari hii zaidi baada ya hapo, kwa aibu kuliko kwa elimu. Jioni moja kwenye kambi ya Eyasi nilimsimulia mgeni mmoja, mhandisi mstaafu, akacheka mpaka akafuta macho, halafu akaanza kunichorea kwenye karatasi. Wakati unaouona mkononi, akasema, saa haikuuzaa. Imeuchukua kwenye simu. Simu imeuchukua kwenye mnara. Minara mingi inarekebisha saa zake kwa setilaiti, na kwenye setilaiti ndiko ziliko saa za atomu. Nikamwangalia alivyochora, mstari unashuka kutoka juu, unapinda, unagawanyika, unakonda. Nikamwambia, hiki ni kitu ninachokijua. Huu ni mfereji. Na baba yangu, kama kawaida yake, yuko mwisho.

Tangu hapo naitazama biashara yote ya saa janja kwa jicho la mgawa maji. Samsung walipoleta Galaxy Gear mwaka 2013, mwanzoni ilikubali simu moja tu, Galaxy Note 3, ya kampuni ileile. Ukiwa na simu nyingine una bangili. Apple Watch ya kwanza, mwaka 2015, haikuwa hata na GPS yake, ilitumia ya simu. Mwaka 2017 wakatoa iliyoweza kushika mtandao yenyewe, bila simu kuwa karibu, na bado siku ya kuifungua kutoka kwenye boksi ulihitaji iPhone. Mwaka 2020 wakaweka utaratibu wa mtu kuisimamia kwa iPhone yake saa ya mtoto au ya mzazi asiye na simu ya aina hiyo, ilimradi saa yenyewe iwe ya kushika mtandao. Nilipolisoma hilo nilitikisa kichwa. Kumbe shida ya baba yangu walikuwa wanaijua. Hawajui kitunguu, lakini wanajua kwamba kuna mzee mahali fulani na kijana wake yuko mbali.

Sababu ya yote hayo si uchoyo peke yake, ingawa uchoyo upo. Betri ya saa ni ndogo sana, na kuongea na mnara ulio kilomita kadhaa kunakula umeme mwingi. Kuongea na simu iliyo mfukoni kunakula kidogo sana. Kwa hiyo simu inabeba mzigo, saa inabeba sura. Mtu akiwa na simu nzuri mfukoni na chaji kitandani haoni tofauti. Mimi miaka miwili sikuiona. Mtu wa juu ya mfereji hajui kama kuna mfereji. Yeye anajua kuna maji.

Na banio likifungwa kule juu kabisa? Kulikuwa na saa zilizoitwa Pebble, zilizoanza mwaka 2012 kwa michango ya watu ya zaidi ya dola milioni 10. Kampuni ilifungwa mwishoni mwa 2016, na katikati ya 2018 huduma zake za mtandaoni zikazimwa. Saa zilikuwa nzima mikononi mwa watu, vioo havina hata mkwaruzo, ila hali ya hewa haikuja tena. Wapenzi wake wakajichangisha wenyewe wakajenga huduma mbadala. Hilo nalo nalijua: chemchemi ikihama, kijiji kinachimba.

Nilijaribu dawa ya pili. Nikampa baba simu yangu ya zamani, yenye ufa kwenye kona, ili saa iwe na mwenzake palepale nyumbani. Simu ile ilitaka chaji kila siku, wakati kitochi chake kinakaa wiki. Ilitaka bando kila programu ilipodai kusasishwa. Zaidi ya yote ilitaka mtu wa kuishika, na mtu huyo akawa mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuwa hodari: zamu ikibadilika jioni, kabla ya chakula kengele imeshabadilishwa. Mwezi Januari shule ya bweni ikafunguliwa. Hesabu yetu ikawa hivi: mzee anaitegemea saa, saa inaitegemea simu, simu inamtegemea mpwa, na mpwa anategemea likizo.

Kabla ya yote haya, mkononi mwa baba palikuwa na Seiko 5, aliyoinunua kwa pesa ya vitunguu mimi nikiwa darasa la pili. Haina betri. Inajaa kwa kutikisika kwa mkono, na mkono wa mkulima hautulii. Wakati mmoja aliugua malaria akalala siku nne, na saa ikasimama. Alipopata nafuu akanionyesha mishale imekufa saa tisa na nusu, na sikujua kama analalamika au anajivuna. "Hii tumeugua wote," alisema. Siku hizi kioo kimekwaruzika, rangi ya kung'aa gizani imeisha, na haina kengele. Ukitaka kuisoma usiku, ni lazima kwanza uwe macho.

Na baba, ukweli ni kwamba, usiku yuko macho mara nyingi. Hili nililielewa kupitia majirani zetu Wahadzabe. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya watafiti wakiongozwa na David Samson, miongoni mwao mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, waliowavalisha Wahadzabe wazima 33 kifaa kama saa mkononi kwa siku 20. Kifaa kile kilikuwa kinaandika tu jinsi mkono unavyosogea, dakika kwa dakika, ili baadaye kisomwe kwenye kompyuta. Walipojumlisha siku zote ishirini, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu wakati wote kulikuwa na mmoja anayegeuka, anayekoleza moto, anayesikiliza. Wazee huwahi kulala na huwahi kuamka, vijana huchelewa, na katikati kambi haikosi mlinzi.

Nilimsimulia baba. Hakushangaa. Akasema yeye kila usiku huamka mara tatu au nne, anatoka nje, anaona nani ana tochi mferejini, anarudi. Nikamuuliza, sasa kama unaamka mara zote hizo, kwa nini ulihitaji kuamshwa?

"Kuamka naamka. Ninachokosa ni kujua nimeamkia zamu ya nani."

Saa janja sasa anayo mpwa, shuleni wameikataza, kwa hiyo iko kwenye begi. Mama amerudi kutoka Mbulu. Kwa muda fulani kabla hajarudi tulifanya hivi: mimi Karatu naweka kengele kwenye simu yangu, usiku nampigia shangazi, shangazi anavuka ua anamtingisha kaka yake bega. Ilifanya kazi kuliko saa, isipokuwa usiku nilipokuwa Serengeti na hakuna mnara. Usiku mmoja wa namna hiyo zamu ilikuwa tena imerudi saa nane. Nililala vibaya kwenye hema, nikiwaza vitunguu. Kesho yake tukifika lango la Naabi simu ikashika mtandao, nikampigia shangazi kabla sijazima injini. Akamshikia baba simu sikioni.

Nikauliza kama alipata maji. Akasema amepata. Jirani wa juu alikuja mwenyewe, na tochi yake, analalamika baridi.

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi na moja," baba akasema. "Nilikuwa nimekaa mlangoni na Seiko yangu, namwangalia anavyotafuta kandambili."